Daktari Hatazami Mguu Wenye Rangi

Mlangoni mwa chumba chake alibandika karatasi, ameiandika kwa mkono wake mwenyewe kwa kalamu nene: HATUTAZAMI MGUU WENYE RANGI. Ilikaa siku mbili tu. Mzee mmoja wa Kikisii alisimama mbele yake, akaisoma, akairudia, kisha akatugeukia sisi tuliokuwa tunangoja. "Basi twendeni nyumbani," akasema. "Nani humu hana rangi?"

Tulicheka mpaka wa mapokezi wakachungulia. Daktari akatoka, akaisoma na yeye kama mtu asiyepata kuiona, akachomoa kalamu mfukoni akaongeza chini yake: YA DUKANI. Na kwa kuwa hakujua kuachia jambo katikati, akaongeza tena: HINA, PIKO, RANGI YA KUCHA. KATOE KWANZA.

Huyo ndiye ninayetaka kumweleza. Jina analo, la ukoo analo, na anayetaka kujua kazaliwa wapi na nani akamuulize mwenyewe. Mimi kwa miaka saba nilimwita Daktari, yeye akaniita Mama Zuhura, na ilitutosha.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha darasa la tano, Malindi, na sikuikumbuka mpaka leo ninapotafuta herufi. Lakini nina kinyongo, na mtu mwenye kinyongo hakosi la kusema. Wengine nitawataja hapa kwa majina yao, wakisoma wajijue. Naandika sasa kwa sababu mwaka huu, baada ya Idi, niliona doa la pili, tena kwenye mguu wa kulia, ule mzima nilioachiwa. Ilibidi nimtafute Daktari, naye alikuwa ameshastaafu. Nitafika huko. Kwanza ujue nilikuwa namtafuta mtu gani.

Mfupi, mnene kiasi, miwani mbili: moja puani, moja kichwani, na zote mbili akizitafuta. Soksi nene za sufu, za kijivu, hata mwezi wa saba, joto la huku Marekani, wakati sisi tunavuja jasho. Na mfukoni mwa koti jeupe, kile chombo chake. Kina ukubwa wa kopo la kiwi ya viatu, kioo katikati, vitaa vidogo vimekizunguka. Jina lake la shule ni dermoskopi. Yeye aliita taa, mimi niliita tochi, na tulibishana hivyo miaka yote kama watu wasio na kazi. Anakutia tone la jeli ya kusafishia mikono, anakandamiza kioo kwenye ngozi, anainama, na hapo anaona ndani ya ngozi yako kama unavyoona chini ya maji yaliyotulia. Macho matupu yanaona doa. Tochi inaona doa limejengwa vipi.

Sasa wakosaji.

Wa kwanza ni Rukia. Rukia ni wifi yangu, dada wa aliyekuwa mume wangu. Ndoa ilikwisha, wifi akabaki. Hapa Cedar, mtaa wetu wa Minneapolis, hakuna bibi harusi wa pwani asiyepita mikononi mwake, maana kwa hina hana mpinzani, na hilo nalisema ingawa linaniuma. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona doa la kisigino changu cha kushoto, lilipokuwa bado dogo kama punje ya kunde, jeusi. Alikuwa ananipaka kwa ajili ya harusi ya binti yake.

"Wifi, hapa pana nini?"

"Sijui. Labda viatu."

"Damu hiyo imevilia, kwa kusimama kwako. Tulia nilifunike, utanitia aibu mbele ya wakwe."

Akalifunika. Alilichorea ua la piko, ile rangi nyeusi ya unga, petali saba, doa likawa moyo wa ua. Likapendeza hata nikalipiga picha. Na kila rangi ilipofifia, Rukia alirudia. Idi, harusi, arobaini ya mtoto wa jirani. Mwaka na zaidi nilitembea juu ya kansa iliyochorewa ua.

Kwetu mguu unaonekana. Unavua viatu mlangoni, unakaa mkekani, mama mkwe anakutazama nyayo na kukusema. Hapa miezi sita mguu umefungwa kwenye soksi na buti, hata mwenyewe unausahau sura. Silaumu baridi, baridi haina jina. Namlaumu Rukia.

Wa pili ni Hamisi, msimamizi wetu kwenye kazi ya kufua mashuka, katikati ya Minneapolis. Mtu wa kwetu kabisa, wa Mombasa, ndiyo maana ninamsema. Kisigino kilipoanza kuuma nilipata miadi ya kliniki mara mbili, na mara mbili Hamisi akabadilisha shifti. "Mama Zuhura, kisigino kitakungoja, mashuka hayangoji." Kisigino hakikungoja, Hamisi. Kiliendelea na kazi zake.

Wa tatu ni Todd. Todd alikuwa kwenye kliniki moja ndogo kule Crystal, si daktari kamili, ni wa kumsaidia daktari, lakini koti alikuwa nalo. Alisimama hatua mbili mbali na mguu wangu, akaona ua. Akauliza kama ni desturi yetu. Nikasema ndiyo. Akasema ni nzuri sana. Kisha akabonyeza kwa kidole kimoja chenye glavu, akasema chunjua, akanipa plasta za dawa za kuunguza chunjua. Miezi minne nilibandika plasta. Ua lilikauka, ngozi ikachubuka, doa likatanuka likawa kama sarafu, na Rukia akaja akachora ua kubwa zaidi.

Nilifika kwa Daktari kwa sababu ya Zuhura. Binti yangu anaelewa kila neno la Kiswahili na hajibu hata moja. Siku aliponiona natembea kwa ncha ya mguu alisema maneno marefu ya Kiingereza, akashika simu, akapiga mwenyewe. Wiki tatu baadaye nikakalia kitanda chenye karatasi ya kuchakarika, na mama mmoja mfupi akaingia kwa soksi.

"Habari ya asubuhi, Mama. Naomba uvue viatu. Naomba na soksi."

Mtanzania husema naomba hata anapokuamuru. Nikavua. Akaliona ua, akatikisa kichwa taratibu.

"Kazi nzuri. Nani kachora?"

"Wifi yangu."

"Mwambie ana mkono. Sasa naomba nilifute."

"Halifutiki, Daktari. Hiyo ni piko, ya kuchora na kurudia."

"Tutaona nani mbishi."

Akavuta kiti, akaweka kisigino changu juu ya goti lake kama fundi viatu, akachukua wembe mdogo, akaanza kukwangua ngozi iliyokufa. Unga mweusi ukaanguka kwenye taulo. Nusu saa, na muda wote anaongea. Aliniambia habari za jirani yake anayefyeka majani Jumapili saa moja asubuhi. Aliniuliza kama sisi wa pwani kweli tunatia sukari kwenye maharage. Akaniambia sisi watu wa Mombasa, maana kwake pwani yote ya Kenya ni Mombasa, tunaringa kwa Kiswahili ambacho hata hatukimalizii sentensi. Nikamjibu kwamba Watanzania wanamaliza sentensi, ila mpaka waimalize chakula kimepoa. Akacheka, wembe ukasimama hewani mpaka alipokwisha kucheka, kisha ukarudi.

Na katikati ya upuuzi huo akanifundisha kitu. Aliniambia, "Wayo wako una mistari, kama ncha za vidole. Kila mstari una tuta, na baina ya tuta na tuta kuna mfereji. Doa la heri, mara nyingi rangi yake inalala kwenye mfereji. Doa la shari linapanda juu ya tuta. Shida ni kwamba hina nayo inapanda juu ya tuta. Wawili wanavaa nguo moja. Siwezi kujua nani ni nani mpaka mmoja avuliwe."

Hilo nililielewa palepale. Mimi nimelima matuta ya viazi vitamu kabla sijashika kalamu. Nikamwambia, "Kilicho mferejini kimeletwa na maji. Kilicho juu ya tuta kimepandwa."

Akaacha kukwangua. Akanitazama juu ya miwani. "Mama Zuhura, rudia hilo." Nikarudia. Akaliandika nyuma ya mkono wake kwa kalamu, kama mtoto wa shule.

Ua likaisha. Akatia jeli, akaweka tochi, akainama.

Na akanyamaza.

Ndiyo siku niliyojifunza tabia yake kubwa kuliko zote, na kila aliyemjua atakwambia. Daktari akiongea, lala usingizi. Akinyamaza, shika kitanda. Nilisikia kiyoyozi. Nilisikia mtu akipita nje na kigari. Aliponyanyua kichwa hakunizungusha.

"Hina imeondoka," akasema. "Hili halikuondoka. Liko juu ya matuta, mstari kwa mstari. Leo nakata kipande."

Kipande kikarudi na jina refu. Aliniambia si kansa ya jua, kwamba ni adimu, ila sisi weusi ikitupata ngozini mara nyingi inatupata pale pasipo na rangi: nyayo, viganja, chini ya ukucha. Wakanikata kisigino, wakachuna ngozi ya paja wakakiziba, wakachukua na tezi ya kinena kuangalia kama imetembea. Haikuwa imetembea. Kwa hiyo mimi leo kisigino changu ni paja. Nikisimama sana linaniuma paja ambalo liko chini. Waeleze hivyo Social Security, wale wa malipo ya ulemavu, uone watakavyokutazama.

Basi mtu angedhani nilimpenda Daktari tangu siku hiyo. La. Tuligombana kwa ajili ya Todd.

Nilitaka Todd afukuzwe. Nilitaka barua, nilitaka mkubwa wake aitwe, nilitaka avuliwe lile koti mbele yangu na Zuhura apige picha. Daktari akasema ataandika, na kweli aliandika, kali. Lakini baada ya hapo ukafuata ushenzi: akampigia simu Todd mwenyewe, akamwambia aje siku yake ya mapumziko akae naye atazame miguu. Na Todd akaja! Mara ya kwanza nilipomkuta chumbani mle, ameinamia kidole cha mama wa Kiliberia na tochi mkononi, nilimgeukia Daktari palepale.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Anajifunza."

"Kwa kisigino changu?"

"Hapana, kisigino chako kimeshaondoka. Kwa cha mwingine ambacho bado kipo."

Sikuongea na Daktari miezi mitatu. Nilikuja miadi, nikavua soksi, nikatazama ukuta. Yeye aliongea peke yake kama redio, hakujali. Todd sasa ana tochi yake mwenyewe huko Crystal, na nasikia amewahi kukamata doa la mtu mmoja mapema kabisa, likakatwa likaisha. Vizuri. Sijamsamehe. Mambo mawili haya yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kupigana, na huyo mtu ni mimi.

Mguu wangu umesoma kuliko mimi. Kila baada ya miezi kadhaa Daktari aliniomba nije wanafunzi wa udaktari wautazame, ule wa kushoto wenye kiraka na ule wa kulia mzima, walinganishe. Wanakuja vijana wanane, wasafi, wananukia sabuni, wanapanga foleni nyuma ya mguu wangu. Mimi niliyeishia darasa la tano nimelala juu nakula peremende za Daktari, mguu wangu uko chuo kikuu. Akawafundisha lile neno langu, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba cha mferejini kimeletwa na maji na cha juu ya tuta kimepandwa. Kijana mmoja akauliza limetoka kitabu gani. Daktari akaninyooshea kidole. "Kimelala hapo," akasema.

Alipenda kueleza mambo kwa vitu vya nyumbani. Kuna kansa nyingine ya ngozi, ya usoni, ambayo kwa wazungu ni ya rangi ya waridi na kwetu inakuja nyeusi, inamdanganya kila mtu. Alinionyesha picha yake iliyopigwa kwa tochi. "Unaona nini?" Nikasema naona spoku za baiskeli, na mayai ya buluu yamezama kwenye uji. Akapiga mkono mezani. "Sawasawa kabisa. Wao wanahitaji mwaka mzima kuliona hilo, kwa sababu wanatafuta maneno. Wewe umetazama."

Hilo lilinikaa. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia nimetazama.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na ulafi wa kaimati, nilimpelekea bakuli akala mbele ya mgonjwa mwingine na asimkaribishe. Alichelewesha watu saa nzima kwa maneno. Alikuwa mkali hadi kukosa adabu kwa anayekuja na kucha zilizopakwa. Nilishuhudia bibi harusi mtarajiwa, kapendeza, kucha za zambarau, akirudishwa mlangoni. "Ukucha ni dirisha, wewe umetia pazia. Katoe." Msichana akalia. Daktari akampa kitambaa, chupa ya dawa ya kutolea rangi na pamba, akamkalisha kwenye benchi atoe hapohapo. Chupa hizo alikuwa nazo droo nzima.

Na upande mwingine, mtu akija na hofu ya bure alimcheka mpaka hofu ikaona haya. Baba mmoja wa Kikongo alikuja na mkewe, wamevaa nguo za kanisani kama wanakwenda mazishi, kisa mstari wa kahawia kwenye ukucha wa dole gumba. Alikuwa amesoma kwenye simu, na ameshaanza kuaga watu. Daktari akaweka tochi, akaongea kuhusu tai yake muda wote, mimi niliyekuwa kwenye kiti cha pembeni nikingoja wanafunzi nikajua mapema kuwa mzee amepona.

"Papa, nionyeshe mkono mwingine. Ona, na huu una mstari. Na huu. Baba yako alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo, docteur."

"Alikufa na nini?"

"Hajafa."

"Basi nenda ukamsalimie."

Ila jambo moja lilinisumbua miaka yote. Alimvua soksi kila mtu. Alimvua askari, alimvua shehe, alimvua mkubwa wake mwenyewe wa hospitali mbele yetu. Yeye hakuvua. Nilimuuliza: wewe nani anakutazama? Akajibu, "Mimi ninajua miguu yangu." Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyosema mimi. Akabadilisha mazungumzo akaingia kwenye bei ya nyanya.

Alistaafu mwaka jana. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitaja. Nafasi yake wakamweka kijana mwenye adabu, anayetumia mashine inayopiga picha mwili mzima, hana maneno hata kidogo. Kwa huyo huwezi kujua ukimya upi ni wa kawaida na upi ni wa kaburi.

Sasa doa la pili.

Mwaka huu siku nne baada ya Idi, natoka kuoga, nimekaa kwenye ukingo wa beseni na kioo cha mkono, natazama nyayo kama nilivyofundishwa, kila Jumapili. Mguu wa kulia, kwenye mto wa chini ya kidole gumba: doa. Jeusi, pana kama ukucha wa kidole kidogo. Jumapili ya kabla ya Idi halikuwepo. Sikulisugua, sikuligusa. Plasta za Todd zimenifundisha kutokugusa. Nilikaa pale mpaka nikakauka bila taulo. Hofu ilikuwa moja tu, nitaisema kama ilivyonijia: wakiukata na huu, nitasimama juu ya nini?

Kijana mwenye adabu, nafasi yake ya karibu ilikuwa wiki saba. Wakasema wataniweka kwenye orodha ya kuitwa. Zuhura akanitazama, akachukua funguo za gari.

Daktari anakaa Crystal, nyumba ndogo yenye ngazi tatu. Alifungua mlango na aproni, unga mkononi, soksi zilezile.

"Mama Zuhura. Mbona hukupiga simu, ningevaa vizuri."

"Nina doa."

"Ingia."

Akatukalisha jikoni. Akaanza kwa kuniambia kwamba hana leseni tena ya kumtazama hata paka, kwamba lazima niende kwa yule kijana hata iweje, kwamba atakachofanya ni kutazama kama jirani tu. Wakati anasema hayo alikuwa tayari amevuta droo ya vijiko, na tochi ilikuwa humo baina ya mwiko na kichujio cha chai. Akatia jeli. Mkono ulitetemeka mpaka kioo kilipogusa ngozi, kisha ukatulia kabisa.

Akawa anaongea. Sungura wamekula maharage yake yote. Jirani amenunua mashine nyingine ya majani, ina kelele zaidi. Mimi nilikuwa nasikiliza maneno yake kama mtu anayeshika kamba. Yule sungura mkubwa, akasema, yule mwenye sikio lililo...

Akanyamaza.

Zuhura hajui tabia hiyo, alikuwa anatazama simu yake. Mimi nilishika kiti kwa mikono yote miwili. Nikahesabu vigae vya ukutani, nikafika kumi na saba.

"Liko juu ya matuta," nikasema mimi, ili nisisikie likisemwa na yeye.

"Liko juu ya matuta."

Zuhura akainua kichwa. Daktari akaibana tochi kwenye kamera ya simu yangu, akapiga picha, akanipa. "Tazama mwenyewe. Usilie kwanza. Tazama."

Nikatazama. Mistari myeusi, imenyooka, imepanda juu ya kila tuta, mifereji myeupe katikati. Nilishaiona mara ngapi picha ya kisigino changu, wamewaonyesha wale vijana. "Kimepandwa, Daktari."

"Kimepandwa," akasema. "Lakini na nani? Mbona kiko sawasawa hivi, kila tuta rangi moja, pembeni kimekatika ghafla kama kimemwagika? Idi ulikuwa na nani nyumbani?"

"Watu. Zuhura na binamu zake. Na..." Nikaishia hapo.

"Na?"

"Na Rukia."

Miaka miwili simkaribishi Rukia. Mwaka huu wasichana waliniomba, wakasema hakuna mwingine anayejua kuchora kama yeye, na ni kweli, Mungu anisamehe. Nikamwambia aje, ila mimi hanigusi. Mimi sijapaka kitu miaka saba.

"Alipaka wapi?"

"Bafuni. Nilimkataza sebuleni kwa sababu ya zulia."

"Hina tu?"

Hapo Zuhura akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, mbele ya shahidi, binti yangu alijibu kwa Kiswahili. "Na piko," akasema. "Kikombe kilimwagika sakafuni. Shangazi alifuta na karatasi. Akasema tusikwambie."

Daktari akainuka. Alijaza beseni la kuoshea vyombo maji ya moto na sabuni, akaliweka sakafuni, akatumbukiza mguu wangu. Tukangoja. Alileta jiwe la kusugulia miguu, akakaa chini, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mgongo wake unalia, akaweka wayo wangu juu ya goti lake kama siku ile, akaanza kusugua. Safari hii hakuongea. Maji yalianza kuwa ya kijivu. Alisugua, akafuta, akatazama, akasugua tena. Zuhura alipiga magoti akamulika kwa simu.

Mara ya nne akafuta, akatia jeli, akaweka tochi. Alikaa hapo muda mrefu.

"Na yule sungura," akasema, "sikio lake moja limekatika."

Nililia wakati huo, si kabla. Yeye akaendelea na sungura mpaka nilipomaliza. Kisha akasema vizuri, kwa sauti yake ya kazi: "Imeondoka. Tuta tupu, mfereji mtupu. Kwa kijana utakwenda vilevile."

"Rukia," nikasema. "Mara mbili, Daktari. Mara mbili, mwanamke huyohuyo."

"Ila safari hii hakuchora ua," akasema, na hapo kicheko kikamshinda, miwani ya kichwani ikaangukia kwenye beseni, na Zuhura akacheka, na mimi, ambaye nilikuwa napanga maneno ya kwenda kumwambia Rukia, nikajikuta nacheka mpaka kisigino changu cha paja kikauma. Maneno bado ninayo. Nitamwambia Ijumaa.

Tulipotulia, tochi ilikuwa mezani. Nikaichukua mimi.

"Sasa wewe," nikamwambia. "Vua."

"Mama Zuhura, mimi ninajua miguu yangu."

"Naomba uvue," nikasema, kwa Kitanzania kabisa.

Akatazama mlango. Akamtazama Zuhura, akaona hana wa kumtetea. Akainama polepole, akavuta soksi ya kulia, kisha ya kushoto, na akaweka miguu yake sakafuni kama mtu anayesalimisha silaha.

Kucha kumi. Nyekundu kama pilipili, zimepakwa safi, zinang'aa.

Nilikumbuka bibi harusi wa zambarau kwenye benchi, analia na pamba mkononi. "Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu nianze kazi," akasema, akitazama ukuta. "Mtu lazima awe na kitu chake."

Nikairudisha tochi mezani, nikakunja mikono kifuani.

"Daktari hatazami mguu wenye rangi."

"Ya dukani," akasahihisha, kwa sauti ndogo.

"Ya dukani. Katoe kwanza."

Akanyanyuka, miguu mitupu, akaenda ndani kutafuta chupa, huku akinung'unika kwamba watu wa Mombasa hawana shukrani. Nikamsikia akifungua droo moja baada ya nyingine. Mimi nikavuta kiti karibu na dirisha penye mwanga, nikapangusa kioo cha tochi kwa pindo la leso, nikamngoja.